Mwosha Maganda wa Nyarero

Mdogo wangu alipotoa ile chupa ndani ya koti na kuniambia, "Kaka, dakika kumi tu," nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe si gumu. Nimewahi kuwaambia wakulima waliotaka niwaongezee kilo kwenye mizani ya kahawa, na wanangu mwenyewe nimewaambia mara nyingi kuliko walivyostahili. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi, ndani ya chumba kisichokuwa changu, nikiwa na ufunguo wa mtu mwingine mkononi, nilisema, "Basi fanya haraka." Kwa maneno hayo matatu mzee mmoja alipoteza jicho pekee lililokuwa linamwonesha njia.

Nataka kumwandika mzee huyo. Jina lake sitalitaja, na habari za kuzaliwa kwake sizijui vizuri, kwa hiyo naziacha. Nilipoanza kumfahamu alikuwa tayari mtu mzima mwenye mvi, na mimi nilikuwa bado karani wa ghala la kahawa. Watu wa Nyarero walimwita Mwosha Maganda akiwa hayupo. Akiwepo walimwita Fundi. Yeye aliniita Karani hata baada ya kustaafu, na nyumba zetu zilitenganishwa na shamba moja la mihogo.

Maganda yenyewe ni ya risasi. Ukishapiga bunduki, kinachobaki ni kikopo cha shaba ya njano, kimeungua mdomoni na kuwa cheusi kama meno ya mvuta tumbaku. Wengi hukitupa. Lakini miaka hiyo kulikuwa na wazee wachache wenye bunduki za kizamani, zenye vitabu vya kibali, ambazo risasi zake hazikuonekana tena dukani. Hao walikusanya maganda yao kama mwanamke anavyokusanya mayai, wakayafunga kwenye kitambaa na kuyaleta kwa Fundi, naye aliyaosha na kuyajaza upya. Kazi ya kujaza sitaieleza. Sheria haimruhusu mtu kuifanya nyumbani kwake, nasi sote tulilijua hilo, na sitaki kalamu yangu imfundishe mtu. Kuosha ndiko nilikokaa nikitazama miaka mingi, na huko ndiko alikokuwa yeye mwenyewe.

Alijifunza upande wa Serengeti, kwenye kambi za wawindaji, ambako alianza kwa kuosha vikombe. Mwindaji mmoja mgeni, aliyekuwa akijaza risasi zake mwenyewe, aliona jinsi anavyosugua masufuria akamwambia kuanzia leo utanioshea na haya. Fundi alipenda kusimulia hivyo, kisha anacheka: "Karani, mimi nimepandishwa cheo kwa sababu ya sufuria."

Kwanza aliyaloweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kipande na ndimu iliyokamuliwa. Si ndimu nyingi. Alionja maji kwa ulimi, akiona ni makali aliongeza maji. Kesho yake aliyasuuza mara tatu, akayaanika juu ya gunia juani, mdomo chini. Hakuyakausha kwenye moto hata siku moja, hata masika ya mvua ya wiki nzima, kwa sababu alisema moto unalainisha kitako cha ganda na kitako ndicho kinachobeba maisha ya mtu. Yakishakauka aliyatia ndani ya dumu pamoja na magunzi ya mahindi aliyoyaponda na kuyachekecha. Dumu lilining'inia kwa kamba kwenye boriti. Alikaa kwenye kigoda, akalisukuma kwa mguu, huku na huko, saa nzima, saa mbili. Sauti yake ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya bati. Hapo ndipo tulipozungumza mambo yetu yote.

Mke wake hakuipenda kazi ile. "Sufuria yangu ya ugali umeigeuza bwawa la risasi," alimwambia mbele yangu.

"Nimeiosha."

"Umeiosha kwa nini? Kwa magunzi? Karani, wewe umesoma, mwambie mwenzako watu hawali baruti."

"Mama, mimi nakula kwangu," nilimjibu.

"Ndiyo maana unanenepa," akasema, akaondoka na sufuria yake.

Wakurya wenzangu walimtania pia, kwa kuwa alitoka upande wa Waikoma, ambao tunasema hula nyumbu kuliko tunavyokula ng'ombe. Kila msimu wa nyumbu kuvuka kulikuwa na mtu wa kumpigia kelele barabarani, "Fundi, ndugu zako wanapita, hujaenda kuwasalimia?" Naye alijibu, "Wamenituma nikuulize, mura, ng'ombe wa jirani yako amerudi?" Kijana huyo alishika njia yake, maana kwetu suala la ng'ombe wa jirani aliyeibwa halina utani mrefu.

Ukweli ni kwamba hakula nyama ya porini kabisa, wala hakupenda bunduki. Hili lilinisumbua mwanzoni. Mtu aliyeishi kwa shaba ya risasi alikuwa akishika bunduki kama anashika mtoto wa mtu asiyemfahamu, kwa mikono miwili na mbali na mwili. Nilipomuuliza kama amewahi kuua mnyama, alifikiri kwa muda akasema kuku. Alishika Sabato kwa ukali ambao hata mchungaji wake aliuonea aibu. Ijumaa jua likizama alifunga chumba, na kama ulikuja na maganda yako jua likiwa limegusa kilima, ulirudi nayo. Lakini mtu huyohuyo aliweza kusema uongo mtamu kuhusu umri wake mbele ya wazee wa kanisa, na alikuwa na majivuno ya viatu. Alivipaka rangi kila asubuhi kabla ya kuingia shambani, ambako vingejaa tope baada ya hatua kumi.

Alikuwa mkali kwa jambo moja. Hakuosha ganda la mtu asiyeleta bunduki na kitabu chake cha kibali. Nakumbuka vijana watatu waliokuja na pikipiki, wamefunga maganda ndani ya mfuko wa mbolea. Mmoja alivaa koti la mvua wakati hakuna mvua.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

"Kitabu kipo nyumbani, tata. Sisi ni wa hapahapa tu."

"Basi nendeni hapohapo mkakilete."

"Unatuogopa?"

"Nawaogopa sana," akasema, na aliendelea kusukuma dumu kwa mguu. "Mimi ni mwoga tangu zamani. Mkitaka mtu jasiri, mumtafute kwingine."

Walisimama kidogo. Mimi nilikuwa natazama mlango. Yule wa koti alitema mate chini, wakaondoka. Pikipiki ilipokwisha kusikika Fundi aliinamisha uso, na dumu akaliacha lisimame lenyewe. Nilitaka kumpa pole, akaniwahi: "Usiseme kitu, Karani. Soma gazeti lako."

Baada ya kuyatoa kwenye magunzi alikuwa na kazi ya kuyakagua, na hii ndiyo aliyoiheshimu kuliko zote. Alisema haoshi ganda ili ling'ae, kwamba anayetaka kung'aa anunue kijiko. Anaosha ili aone. Uchafu unaficha ufa, na ganda lenye ufa likipigwa moto hurudi nyuma, kwenye uso wa mpigaji. Alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha kidogo. Aliiingiza ndani ya ganda, akaipitisha taratibu karibu na kitako, macho ameyafumba. Akisikia mfereji mwembamba ndani, alilitoa ganda, akaliweka juu ya jiwe na kulipiga nyundo likawa bapa. Hakulirudisha kwa mwenyewe likiwa zima, hata mwenyewe alalamike vipi. Mara moja alibapaza saba kati ya kumi ya mzee mmoja wa ukoo wangu, na mzee yule hakumsalimia mwaka mzima.

La pili alilokagua ni rangi. Aliwahi kunionesha ganda moja alilolihifadhi ndani ya kopo, lenye mabaka mekundu-mekundu, kama waya wa umeme uliomenywa. "Hili limeoshwa na mtu mwenye haraka," alisema. "Dawa kali inakula njano inaacha wekundu. Ukiligusa ni zima, spoku haisikii kitu. Lakini ni gonjwa. Ganda jekundu usimpe hata adui yako." Nililishika. Nikaliangalia vizuri kwenye mwanga wa mlango. Siwezi kusema kwamba sikujua.

Na la tatu ilikuwa desturi yake mwenyewe, sijaisikia kwingine. Katika kila fungu alilojaza, la kwanza alilipiga yeye. Aliita kuonja. Mwenye bunduki alisimama nyuma ya ukuta wa zizi, na mimi pia, na mke wake aliingia jikoni akafunga mlango. Fundi, ambaye hakupenda bunduki, alikwenda peke yake mpaka kwenye kichuguu nyuma ya mihogo, akapiga moja ndani ya udongo, akarudi amekunja uso. "Mpishi haonjeshi wageni kwanza," alisema. Nilimwambia mara kadhaa kwamba mpishi hafi kwa chumvi. Aliendelea kuonja.

Sasa macho yake. La kushoto lilikufa zamani. Siku moja alisema ni mwiba, siku nyingine alisema ni surua, nami niliacha kuuliza. La kulia lilikuwa limeanza kuingia mtoto wa jicho. Njia aliiona, nyuso alizitambua, ila herufi ndogo zilikuwa zinamkimbia, na vitu vyote alisema anaviona kama vimemwagiwa chai. Hospitalini waliahidi kwamba madaktari wa macho watakuja baada ya mavuno, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Aliisubiri siku ile kama mtoto. Mimi ndiye niliyemsomea Biblia alasiri, na kila mara alinishuku.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka."

"Umeruka, Karani. Ayubu hawezi kunyamaza haraka hivyo. Ngoja nifunguliwe jicho langu, nitasoma mwenyewe, wewe utakaa hapo nikusomee."

Kwa ajili ya macho hayo aliniomba nimsaidie kwenye rangi. "Spoku ninayo," alisema. "Ufa nausikia kwa vidole. Rangi siioni tena, yote kwangu ni njano. Wewe utakuwa unaniambia." Nilikubali, na nilijisikia nimepewa heshima. Baada ya kila fungu alinipa maganda moja moja, nami nilitamka: njano, njano, njano. Mara moja nilisema, "Hili sina hakika," akalibapaza bila kuuliza zaidi. Aliniamini kiasi hicho.

Mdogo wangu alikuwa na shamba upande wa Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Bunduki ya marehemu baba ilikuwa kwake, na kitabu chake kilikuwa sawa. Mwaka ule tembo walikuwa wameshaingia kwenye mahindi yake mara mbili, na alitaka risasi za kupiga hewani awafukuze. Alileta maganda kumi na mawili siku ya Alhamisi. Yalikuwa na kutu ya kijani, yalikaa chini ya mtungi miaka mingi. Fundi aliyatazama kwa vidole.

"Haya ni ya wiki mbili," alisema.

"Wiki mbili! Tata, tembo hawajui kalenda."

"Waambie wasubiri mvua."

Mdogo wangu alinigeukia. "Kaka, ongea na huyu mzee wako."

Nilicheka tu. Fundi aliyaloweka. Ijumaa jioni alipofunga chumba alinipa ufunguo, kwa kuwa kesho yake alikuwa anakwenda kanisani na mkewe, na kulikuwa na chakula cha pamoja mpaka jioni. "Kama mbuzi wakiingia, watoe," alisema. "Maganda usiyaguse. Yapo kwenye maji yake."

Jumamosi asubuhi mdogo wangu alikuja na chupa. Alikuwa ametoka Nyakunguru, kwa wachenjuaji wa dhahabu, wanaotumia tindikali kusafisha madini yao. Alikuwa ameniona na ufunguo jana yake, ndiyo maana alikuja moja kwa moja kwangu.

"Kule Nyakunguru wanaosha dhahabu kwa hii," aliniambia. "Dhahabu, kaka! Itashindwa maganda?"

"Fundi hataki dawa kali."

"Fundi hataki, Fundi hataki. Fundi atanilisha nini mahindi yangu yakiisha? Mke wangu analala anasikiliza matawi yanavunjika. Dakika kumi tu."

Nilikuwa nimechoka naye. Tangu utoto wetu mdogo wangu alikuwa anaomba mpaka unatoa, si kwa kukubali, kwa kutaka anyamaze. Nilifungua chumba. Tuliyahamishia kwenye karai la plastiki, akamimina. Moshi wa kahawia ulipanda ukatukohoza, na maji yakawa ya kijani kibichi. Tulipoyatoa na kuyasuuza, kutu yote ilikuwa imekwenda. Mdogo wangu alipiga makofi. "Ona! Wiki mbili za nini?"

Mimi niliona pia kwamba manne yana mabaka mekundu karibu na kitako, na mengine yana wekundu wa mbali. Nilimwambia, "Haya yamekuwa mekundu." Akasema yatapata rangi kwenye magunzi. Nikayatia ndani ya dumu mwenyewe, nikasukuma kwa mguu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Yaling'aa vizuri sana. Wekundu ulififia, haukuisha. Karai tuliliosha, dirisha tuliliacha wazi, na yale maganda tuliyarudisha kwenye maji ya ndimu.

Jumapili Fundi aliyatoa, akashangaa. "Yamekubali mapema," alisema. Alinusa kidole. Nilifikiri atajua, lakini alikuwa na mafua, akapiga chafya na kuendelea. Aliyakausha, akayapitisha kwenye magunzi, akayaingizia spoku moja moja. Hakubapaza hata moja. Kisha alinipa la kwanza.

"Rangi gani?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia. Ningeweza kusema. Hata pale ningeweza, na lingekuwa jambo la kukemewa na kucheka baadaye. Nilichoogopa ni kitu kidogo sana: nilimwonea aibu Fundi kwa kuwa nilifungua chumba chake siku ya Sabato.

"Njano," nilisema.

Nikasema njano mara kumi na mbili.

Siku alipoonja tulikuwa nyuma ya ukuta wa zizi, mimi na mdogo wangu. Nilijiambia kwamba la kwanza huenda si lile lenye mabaka, na kwamba wekundu kidogo si kitu. Mlio ulikuja tofauti, mfupi na mpana. Halafu hakukuwa na sauti yoyote kutoka kule kwenye kichuguu. Mke wake ndiye aliyetangulia kufika. Sisi wanaume wawili tulisimama nyuma ya mawe mpaka tuliposikia anatuita.

Alikuwa amekaa chini, bunduki iko pembeni, mikono ameiweka usoni. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, usiangalie. Usiangalie."

Hospitali waliokoa uso. Jicho halikuwezekana. Madaktari wa macho walikuja baada ya mavuno kama walivyoahidi, na jina lake likasomwa kwenye orodha, na mtu mwingine akaingia kwa nafasi yake.

Polisi walimpeleka kituoni kwao, Bomani, bandeji ikiwa bado mbichi. Nilikwenda na mkewe, tukakaa kwenye benchi la nje, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi tulisikia anavyohojiwa. Alisema chumba ni chake, vifaa ni vyake, hakuna aliyemsaidia. Afisa aliuliza ganda lilipasuka kwa sababu gani. Akasema, "Niliosha vibaya."

Mtu aliyebapaza maganda ya watu ili asiwahi kuyasema maneno hayo. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Mkewe aligeuka akaniangalia, nadhani alitaka nimpe moyo tu, nami nilitazama viatu vyangu. Walimwachia baada ya siku chache kwa sababu ya hali yake. Vifaa vilichukuliwa, na bunduki ya baba ilichukuliwa pamoja na kitabu chake. Huku kwetu, yeyote aliyewahi kurudishiwa ganda bapa sasa alikuwa na la kusema. Yule mzee wa ukoo wangu alisema mnadani, mbele ya watu, kwamba siku zote alijua yule Mwikoma haoshi vizuri. Niliyasikia na hayo, nikanunua chumvi yangu nikarudi nyumbani.

Tangu hapo nilikwenda kwake kila alasiri kwa miaka sita. Watu walinisifu. Mchungaji wake, ambaye hata si mchungaji wangu, alinitaja mbele ya waumini kama mfano wa jirani. Nilimsomea Biblia yote mara mbili na nusu. Sikuruka mstari. Nilimpeleka chooni mkewe akiwa shambani, nilimpaka viatu rangi, kwa kuwa aliendelea kutaka vipakwe, na aliuliza kama vinang'aa, nami nikamwambia vinang'aa, na hilo lilikuwa kweli. Alikuwa ananisubiri. Mkewe aliniambia kwamba ifikapo saa tisa hugeuza kigoda kuelekea upande wa mihogo. Tulicheka sana ndani ya miaka ile, na sidhani kama nimewahi kuwa na rafiki wa namna ile, hata nilipokuwa kijana. Kadiri alivyonipenda ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu. Kila mwaka niliokaa kimya ulihitaji maelezo yake.

Mwaka huu, masika yalipoisha, mdogo wangu alifariki kwa maradhi ya kifua. Nilirudi kutoka msibani Serengeti nikiwa mtu pekee duniani anayejua. Nilidhani ningepumzika. Badala yake nilishindwa kulala siku kadhaa, na Jumatatu nilivuka mihogo mapema kuliko kawaida, nikamkuta anamenya karanga kwa kupapasa.

"Karani, leo umewahi. Kaa. Pole tena kwa mdogo wako."

"Fundi, leo sikuja kusoma."

Nilimwambia yote, kuanzia chupa mpaka neno njano. Sikumweka marehemu mbele. Nilisema mimi ndiye nilifungua, mimi ndiye nilisukuma dumu, mimi ndiye nilijibu. Wakati nasema aliendelea kumenya, kisha mikono yake ikasimama. Mkewe alikuwa kwenye kizingiti cha jiko na ungo mkononi. Hakusogea.

"Yalikuwa mekundu mangapi?" aliuliza.

"Manne yalikuwa mabaya. Mengine kidogo."

"Na uliyaona kwa macho yako."

"Niliyaona."

"Na mimi nikakuuliza."

"Uliniuliza, Fundi."

Kuku walikuja kula karanga alizozimwaga, na hakuwafukuza.

"Chupa ningekusamehe siku ileile," alisema mwishoni. "Ningekutukana, halafu ningekusamehe. Mtu mwenye haraka namjua. Hata pale Bomani ungeniambia, ningekusamehe. Lakini miaka sita nimejiuliza niliosha wapi vibaya. Nimeyaosha yale maganda kichwani kila siku, Karani. Kila siku. Na wewe umekaa hapo unanisomea."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nimeagizwa kusamehe, na nimefanya." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Sasa nenda nyumbani. Na usije tena."

"Fundi..."

"Siwezi kukaa na wewe. Nikisikia sauti yako nitakuwa nauliza rangi. Niache nikae na mke wangu."

Nilimtazama mkewe. Aliweka ungo chini, akaenda akageuza kigoda cha mzee kuelekea upande mwingine, taratibu, yeye akiwa bado amekaa juu yake na kushikilia bega la mkewe.

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Wanawe wawili walikuja kutoka Mugumu wakanieleza kwa heshima, wakaniamkia shikamoo kwanza, kwamba baba yao amesema siku atakapofariki nisishike jembe kwenye kaburi lake. Kwetu, jirani ndiye anayechimba. Nikipita njiani watu sasa wanajua, nami siwalaumu wanaponikwepa. Sipungukiwi chakula, wala wanangu hawajanikataa. Lakini huyo mtu yu hai, namsikia anakohoa asubuhi ng'ambo ya mihogo, na nimempoteza. Hicho ndicho ilichonigharimu ile "basi fanya haraka": rafiki niliyekuwa naye uzeeni, na haki ya kumzika.